Picha Tano za Bagamoyo

Filamu ilikuwa ya picha 36. Insha ya historia ilitaka tano. Boma la Wajerumani nikalitenga mara moja: jua la jioni, kuta nyeupe, hakuna mtu. Picha safi! Kesho yake nikaanza kuihakiki kama tunavyohakiki riwaya: nani anasema humu? Boma lilijengwa mwaka 1897, ilhali makao makuu yalishahamia Dar es Salaam tangu 1891. Ni jengo la kujigamba, nami nililisaidia kujigamba. Nikaitoa.

Kaole ndiko kulikonitesa. Msikiti wa karne ya 13 ulitoka vizuri, lakini picha bora ya filamu nzima ni ya mama mmoja akiomba dua kwenye kaburi la Sharifa, ametupa mgongo, moshi wa ubani unapanda. Inaonyesha kwamba Kaole si mahame. Ila sikumwomba ruhusa. Nilijibanza nyuma ya ukuta, kama mwizi bwana. Wenzangu wakanambia iweke tu, uso hauonekani. Nimeweka iliyofuata, kaburi na chetezo peke yake, nayo imetikisika kidogo. Ya mama iko ndani ya daftari. Nikirudi Kaole nitamtafuta.