Utoto wa Bibi Josina Machel, Aliyeanza Kusoma Mocímboa da Praia

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa kalamu. Ama baad.

Wengi hulijua jina la Bibi Josina Machel kwa kuwa alikuwa mke wa Samora Machel, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Msumbiji mwaka 1975. Tarehe 7 Aprili, siku aliyofariki mwaka 1971, ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Lakini si wengi wakumbukao ya kuwa bibi huyu alianza kusoma hapa Mocímboa da Praia. Hakuwa Mwislamu, wala haijuzu kumbandika mtu dini isiyo yake. Lakini historia ya mji ni ya wote waliokanyaga mchanga wake.

Alizaliwa Vilanculos, upande wa Inhambane, tarehe 10 Agosti 1945, pacha na ndugu yake wa kiume, akaitwa Josina Abiatar Muthemba. Babu yake alikuwa mhubiri katika Kanisa la Presbiteri, na mahubiri yake yaliwahimiza watu wasiudharau Uafrika wao. Baba yake alikuwa mwuguzi katika kazi ya serikali, na mtumishi wa serikali huenda apelekwako. Hivyo ndivyo mtoto wa kusini alivyofika katika mji wa Wamwani.

Yapata mwaka 1952, alipotimia miaka saba, alitiwa katika shule ya mji huu iliyowekwa kwa watoto wa Wareno na watoto wa asimilado. Asimilado, kwa sheria ya Wareno, alikuwa Mwafrika aliyekubaliwa kuwa amekwisha kuacha desturi za wazee wake na kushika lugha na mwenendo wa Kireno. Asiyekuwa na hati hiyo aliitwa mwenyeji tu, na sheria yake ilikuwa mbali. Mambo hayo yalidumu hata mwaka 1961, sheria ya wenyeji ilipofutwa.

Na watoto wengine wa mji je? Serikali ya Kireno ilikuwa imepatana na Papa wa Roma mwaka 1940, na elimu ya watoto wa Kiafrika ikawekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa watoto wao wasije wakabatizwa, wakawapeleka chuoni kusoma Kurani. Huko mtoto alijifunza herufi, akahitimu, akaweza hata kuandika barua kwa herufi za Kiarabu. Lakini mbele ya serikali mtu huyo alihesabiwa kuwa hajui kusoma. Dhuluma hiyo yafaa kukumbukwa: katika mji mmoja, elimu ya huyu ilihesabiwa na elimu ya yule haikuhesabiwa.

Serikali ilitumaini ya kuwa hati ile ingemnunua mtu. Kwa jamaa wa Muthemba haikuwa hivyo. Waliipokea elimu, lakini hawakuuza nafsi zao. Baba yake na jamaa zake kadhaa walitiwa gerezani kwa kuupinga utawala wa Wareno kwa siri. Basi binti huyu alisoma masomo mawili: ya Kireno shuleni, na ya heshima ya watu wake nyumbani.

Baada ya miaka miwili jamaa zake walihamia João Belo, yaani Xai-Xai ya leo, ili aendelee na masomo. Mwaka 1958 alikwenda Lourenço Marques, ambayo sasa ni Maputo, akakaa kwa bibi yake na kusoma sekondari. Huko aliingia katika NESAM, chama cha wanafunzi wa Kiafrika. Mwaka 1964 alitoroka na wenzake. Wakakamatwa Rhodesia, wakarudishwa na kufungwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1965 alitoroka tena kupitia Swaziland, hata akafika Dar es Salaam. Mei 1969 aliolewa na Samora huko Tunduru. Alifariki akiwa na umri wa miaka 25 tu.

Wasomaji watukufu wazingatie: jina la mume halikumfanya Josina awe Josina. Kabla ya mume palikuwa na babu, baba na bibi waliomlea, na mzazi aliyekubali kuhama mji ili binti asome. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Maneno haya yana uzito zaidi katika mji huu, ulioshambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukatekwa Agosti 2020, usirudishwe ila Agosti 2021. Watoto walitawanyika, wakaacha chuo na shule. Mzazi asiseme, "Huyu ni binti, atasubiri." Kutafuta elimu ni faradhi juu ya mwanamume na mwanamke. Wala Kurani na kalamu ya shule si maadui. Adui yao wote wawili ni ujinga.

Mwenyezi Mungu aujaalie mji wetu amani, na watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.