Umeme wa MGB na Lawama ya Giza

Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Methali hiyo yaifaa historia ya MGB, gari dogo la fahari lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hata 1980, kwa idadi ipitayo 500,000. Vyombo vyake vingi vya umeme vilitoka katika kampuni ya Joseph Lucas ya Birmingham, ambayo mwanzo wake, katika karne ya 19, ulikuwa biashara ya taa na mafuta yake. Jina lililoinuliwa na taa likaja kuangushwa na giza: wenye magari, wakichoshwa na taa hafifu na injini zisizowaka, walimpa Lucas lakabu ya Shetani, Mkuu wa Giza.

Je, hukumu hiyo ni ya haki? Kila taa yahitaji njia mbili, ya umeme kwenda na ya kurudi. Ili kuokoa waya, waundaji walilifanya bati la gari kuwa njia ya kurudi, nayo mafundi huiita ethi. Gari likiwa jipya, njia hiyo ni safi. Miaka ikipita, mvua na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa theluji huleta kutu baina ya bolti na bati. Mkondo ukinyimwa njia yake, hupita kwa jirani. Ndipo taa moja ikiwashwa, nyingine isiyohusika humulika kwa unyonge.

Fundi mwenye pupa hununua taa mpya, na giza hubaki palepale. Fundi mtulivu huchukua kipande cha waya, akaunga ganda la taa na ile ncha ya betri iliyofungwa kwenye bati. Taa iking'aa, ugonjwa ni ethi, na dawa yake ni msasa. Isipong'aa, hufuata rangi za nyaya. Kahawia hutoka betrini bila kupita fyuzi; nyeupe hupita swichi ya kuwashia injini; kijani ni umeme wa swichi hiyo uliokwisha kupita fyuzi; nyeusi ni ethi. Umeme ukiwapo penye nyeupe na kukosekana penye kijani, basi fyuzi imekatika, au vishikio vyake vimeshika kutu.

Mwaka wa gari nao ni ushahidi. Mpaka 1967 ncha ya betri iliyofungwa kwenye bati ilikuwa chanya, na umeme ulizalishwa na dinamo. Kisha ncha ikawa hasi, na dinamo ikaipisha alteneta. Asiyejua mageuzi hayo, akazifunga nyaya za betri kinyume, aliweza kuiunguza alteneta papo hapo, kisha akamlaani Lucas.

Hata hivyo, waundaji hawakosi sehemu yao ya lawama. Magari ya mwanzo yalilindwa na fyuzi mbili tu, na taa kubwa za mbele hazikuwa na fyuzi hata moja. Waya uliochubuka ungeweza kuleta moto. Uchache wa fyuzi ni deni lao. Lakini kutu ya miaka sitini, na nyaya zilizoongezwa na wenye gari mmoja baada ya mwingine bila kujali rangi, si haki kuandikwa katika hesabu ya mafundi wa Birmingham.