Buriani ya Gari Letu: Kutoka Tanga hadi Ingleburn

Ndugu zangu wapenzi,

Kamati ya mkutano wetu imenitaka niandike machache juu ya historia ya ukoo. Wapo wanaoijua historia hiyo kuliko mimi. Kwa hiyo nitaeleza habari za magari mawili tu, kwa kuwa la pili limetutoka mwaka huu hapa Ingleburn, na wengi wenu mlilipanda.

La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la marehemu Baba, jeupe, lenye safu tatu za viti, ambalo sisi watoto tuliliita Pijo kama walivyoliita watu wote. Baba alilinunua mwaka 1969, likiwa limekwisha kutumika, alipokuwa karani bandarini Tanga. Sifa za gari la aina hiyo zilikuwa zimeenea: lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 waliupata Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa kutoka Tanzania, na Tanga nzima ilijivunia. Lakini Baba hakuwa mtu wa mashindano. Alitaka gari la kumfikisha kwa dada yake, Mombasa.

Siku zile safari hiyo ilikuwa jambo la kawaida. Tuliondoka Tanga alfajiri na kikapu cha machungwa ya Muheza, tukapita Horohoro na Lunga Lunga katika vumbi, na adhuhuri tulikuwa Likoni tukingoja feri. Shangazi alikuwa akitusubiri na wali wake wa nazi. Harusi na misiba ya pande zote mbili ilihudhuriwa kwa gari lile, na sisi watoto hatukujua kwamba tulikuwa watu wa nchi mbili.

Mwezi Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Vitabu hueleza ugomvi wa mali ya reli, bandari na ndege. Havielezi kwamba safari ya nusu siku iligeuka kuwa muhali. Shangazi alifariki mwaka 1979. Habari zilimfikia Baba siku ya tisa, kwa kinywa cha baharia wa jahazi. Gari lilikuwa zima, lina petroli, limesimama mlangoni. Njia ndiyo iliyokosekana. Mama alinisimulia kwamba Baba alikwenda akakaa kwenye usukani hadi magharibi, kisha akatoka bila kusema neno.

Tangu hapo aliliwasha mara chache. Vipuri viliadimika, magurudumu yakaisha pumzi, likawekwa juu ya mawe chini ya mwembe. Mwaka 1981 aliniandikia barua ndefu. Nilikuwa Dodoma, karani kijana wa Serikali. Alinieleza kwamba amepata mtu wa kulinunua kwa ajili ya vyuma vyake, akaniomba rai yangu, na akauliza kama ningeweza kufika kwanza. Nilimjibu kwa mistari mitatu, kama nilivyozoea kujibu barua za ofisi: auze, kwa kuwa halina faida tena. Sikwenda. Baba hakuwa akiniuliza juu ya faida, na jambo hilo nililifahamu akiwa amekwisha kuzikwa.

Nilihamia Australia mwaka 1994. Mwaka uliofuata, nikiwa nimeanza kazi katika ofisi moja ya Serikali ya Jimbo la New South Wales, nililiona Peugeot 504 la mwaka 1978 likiuzwa. Aina hii ilitolewa Ufaransa mwaka 1968, na zaidi ya milioni 3 zilitengenezwa. Kenya iliziunganisha, Nigeria iliziunganisha Kaduna, na hapa Australia ziliunganishwa Heidelberg, Melbourne. Usukani ulikuwa kulia, kama kwetu. Mke wangu alisema nimenunua kaburi la magurudumu manne. Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyodhani.

Kwa gari hilo tuliwapokea wengi wenu uwanja wa ndege wa Sydney, mkitetemeka kwa baridi ya Julai. Kwa gari hilo tulikwenda Melbourne kwa barabara ya Hume, zaidi ya kilomita 800, kuoza na kuzika. Niliendesha njia ile usiku kucha bila kuonyesha cheti kwa mtu, na kila mara nilimkumbuka Baba.

Sasa kutu imekula sakafu, na macho yangu hayafai usiku. Mwanangu alipendekeza tulisajili katika mpango wa magari ya kihistoria, ambao hapa huruhusu magari yaliyotimiza miaka 30. Mwenye gari huwa mwanachama wa klabu, na akiweka daftari la safari hupewa siku 60 kwa mwaka. Nilimshukuru, nikakataa. Gari la kusimama siku 300 nililiona Tanga, chini ya mwembe. Nimempa fundi kijana wa upande wa Goulburn, atakayeziba kutu na kulitembeza.

Kabla hajafika niliwaita watoto na wajukuu. Tulilizunguka Ingleburn mara moja, tukapita stesheni ya treni, tukarudi. Kisha nilikaa kwenye usukani peke yangu. Sioni haya kusema kwamba nililia, na niliyemlilia zaidi ni Baba. Barua yake ya mwaka 1981 imepata jibu, ingawa limechelewa.

Ndugu zangu wa Tanga, Mombasa, Muscat na kwingineko, nina ombi moja. Hapa hatuna hata picha moja ya lile 404. Aliye nayo, hata kama gari linaonekana pembeni tu, nyuma ya bibi harusi, tafadhali ailete mkutanoni. Na mzee wenu akiwaandikia barua ndefu juu ya kitu kikuukuu, msimjibu kwa mistari mitatu. Nendeni.

Wasalaam,
Ndugu yenu, Ingleburn