Tufani katika Bahari ya Zanji: Nani Aliyesimulia, Nani Aliyenyamaza

0. Utangulizi

Msomaji wa Lubumbashi anapotaja Kivu Kaskazini au Kivu Kusini hafikirii bahari. Hata hivyo, majina hayo ya pande mbili za dunia yalitoka baharini. Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, takriban tangu Desemba hadi Machi. Kusi ni upepo wa kusini uvumao tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliziita pande za dunia kwa majina ya pepo hizo, na lugha ikayabeba majina hayo hadi kwetu, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza jambo moja tu. Watu waliopatwa na tufani wakiwa chomboni katika bahari hiyo, ambayo wanajiografia Waarabu wa kale waliiita Bahari ya Zanji, walituachia ushuhuda gani? Na ni nani kati yao aliyepata nafasi ya kusema? Hoja yetu ni kwamba maandishi yametuhifadhia sauti ya abiria msomi na ya nahodha. Sauti ya baharia wa kawaida haimo katika maandishi, bali imo katika msamiati. Sauti ya mateka aliyefungwa ndani ya chombo haimo karibu popote, na ukimya huo ni jambo ambalo mwanahistoria wa Kongo hana haki ya kulipita kimya.

1. Abiria msomi

Shahidi wetu wa kwanza ni al-Masudi, mwandishi wa Baghdad aliyefariki mwaka 956. Katika kitabu chake Muruj al-dhahab anaeleza kuwa alisafiri zaidi ya mara moja katika bahari hii pamoja na wenye merikebu wa Siraf na Oman. Mara yake ya mwisho ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917, alipotoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman. Wataalamu wengi wanakiweka kisiwa hicho Pemba.

Al-Masudi hakuwa mgeni wa maji. Alikuwa amezijua bahari nyingi, na anazitaja moja baada ya nyingine ili azilinganishe. Hukumu yake ni kwamba hakuona bahari yenye hatari kuliko ya Zanji. Anayaeleza mawimbi yake kuwa marefu kama milima, yenye mabonde ya kina katikati, na anaongeza jambo ambalo ni mtu aliyekuwamo tu awezaye kuliangalia: mawimbi hayo hayapasuki wala hayatoi povu kama ya bahari nyingine. Mabaharia waliyaita mawimbi vipofu.

Maelezo haya yanapatana na tunayoyajua leo. Mbali na miamba na fungu, wimbi linalosukumwa na upepo wa msimu kwa masafa marefu huinuka na kushuka bila kuvunjika. Merikebu hupanda mgongo wake, kisha huteremka bondeni, na aliye bondeni haoni kitu ila maji pande zote. Tukumbuke pia kuwa vyombo vya bahari hiyo, kama al-Masudi mwenyewe alivyoandika, havikupigwa misumari ya chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nyuzi. Chombo cha namna hiyo hakivunjiki upesi, kwa kuwa mbao zake hulegea na kufuata mwendo wa maji, lakini huvuja daima.

Jambo jingine analolitaja ni wimbo. Mabaharia wa Oman, anasema, waliimba walipokuwa wakipita sehemu za hatari, wakizitaja Barbara na Jafuni, ambazo huaminiwa kuwa Berbera na Rasi Hafun katika pwani ya Somalia, pamoja na mawimbi yake. Haya ni maneno machache sana, lakini ni mahali pa pekee katika habari yake ambapo wafanyakazi wa chombo wanasikika wenyewe. Kisha al-Masudi anatuarifu kwamba ndugu wawili, Ahmad na Abd al-Samad, waliomsafirisha mwaka ule, baadaye walizama katika bahari hiyohiyo pamoja na wote waliokuwa nao. Majina ya wenye merikebu yameandikwa. Ya wale wengine hayakuandikwa.

2. Nahodha na mfalme

Shahidi wa pili anapatikana katika mkusanyiko wa visa vya mabaharia unaojulikana kwa jina la Ajaib al-Hind, ambao kwa desturi hutajwa kuwa kazi ya Buzurg bin Shahriyar wa Ramhormuz, katika karne ya 10. Humo mna kisa cha nahodha Ismailawayh, aliyetoka Oman mwaka 310 wa Hijria, yaani 922, akielekea Qanbalu. Upepo mkali ukampeleka Sofala. Yeye na wenzake walipotambua wamefika wapi, walijihesabu kuwa wafu, kwa sababu waliamini kwamba wenyeji wa huko hula watu.

Lililotokea ni kinyume cha hofu yao. Mfalme kijana wa nchi ile aliwapokea vizuri, akawaacha wafanye biashara bila ushuru wala zuio. Siku ya kuondoka akapanda chomboni pamoja na watu wake saba ili awaage. Hapo nahodha akafanya hesabu moyoni: kijana huyu sokoni Oman angeleta dinari 30. Akaamuru matanga yatwekwe. Mfalme na wenziwe wakatiwa pamoja na watumwa waliokuwamo tayari, wakauzwa Oman.

Baada ya miaka kadhaa upepo ukamtupa nahodha yuleyule mahali palepale. Akakuta mfalme ni yuleyule. Kijana yule alikuwa ameuzwa tena, akafika Basra na Baghdad, akajifunza dini ya Kiislamu, akatoroka na msafara wa mahujaji hadi Makka, kisha akapitia Misri na kuufuata mto Nili mpaka kwao. Alimsamehe nahodha, kwa kuwa kwa uovu ule aliipata imani. Walipoagana, hata hivyo, alikataa kumsindikiza tena hadi chomboni.

Hapana budi tuwe waangalifu. Kisa hiki kimepambwa kwa ufundi wa wasimuliaji, na hatuwezi kukitumia kama hati ya mahakama. Thamani yake kwa mada yetu iko kwingine. Pepo mbili ndizo nguzo za kisa kizima, na wasimuliaji walijua vema kwamba tufani humwondolea nahodha uchaguzi wa njia. Lakini hawakuichanganya kazi ya upepo na kazi ya mtu. Upepo ulimpeleka Ismailawayh Sofala. Haukumlazimisha kumkamata mwenyeji wake. Aidha, hapa mateka anapewa ulimi. Ni jambo adimu, na linawezekana kwa sababu alikuwa mfalme na kwa sababu alirudi.

3. Mabaharia na maneno yao

Je, wale waliovuta kamba? Hawakuandika vitabu, lakini walifanya kazi katika lugha, na lugha haikusahau. Tukiutazama msamiati wa Kiswahili cha baharini tunaona tabaka mbili. Maneno kama nahodha, lenye asili ya Kiajemi, na usukani na tufani, yenye asili ya Kiarabu, yanaonyesha uhusiano na mabandari ya ng'ambo. Lakini upepo, wimbi na tanga ni maneno ya Kibantu. Wimbi laelekea kuwa na undugu na kitenzi kuvimba, na ikiwa ndivyo, basi msemaji wa kale aliliona lile ambalo al-Masudi aliliona: maji yanayovimba bila kupasuka.

Kazi za wakati wa dhoruba nazo zina majina yake. Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini. Upepo ukizidi, foromali hushushwa na tanga dogo hutwekwa mahali pa kubwa, kwa maana kuligeuza tanga kubwa upande wa pili wa mlingoti katika upepo mkali ni kuhatarisha chombo na watu. Wengine huingia ngama, chini kabisa ya chombo, kufua maji kwa upo usiku kucha, kwa zamu. Ikiwa maji yanazidi nguvu za wafuaji, linabaki neno moja la kutisha: kutosa, yaani kuitupa shehena baharini. Wanasheria wa Kiislamu wa zama za kati walijadili kwa urefu nani abebe hasara ya mali iliyotoswa, na suala la watumwa waliokuwa chomboni lilikuwa miongoni mwa masuala yao. Hii yatosha kuonyesha kuwa swali hilo halikuwa la kubuni.

Lakini maarifa makubwa kuliko yote yalikuwa ya kuikwepa tufani. Waswahili walihesabu mwaka wa jua unaoanza Nairuzi, wakaugawa katika miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na hesabu hiyo iliwafaa wakulima na mabaharia vilevile. Ahmad bin Majid, bingwa wa uanamaji na unajimu wa baharini katika karne ya 15, naye alizipanga nyakati za safari kwa siku za Nairuzi. Baharia mwema alijua siku ya kutong'oa nanga. Kusi inapofikia ukali wake, kati ya Juni na Agosti, vyombo vya safari ndefu vilikaa bandarini.

Maneno ya watu hao yamefika hata kwa wasioijua bahari. Tunasema mambo yanakwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo kutoka ubavu hadi ubavu. Tunasema kiongozi ameshika usukani. Methali yasema chombo cha kuzama hakina usukani. Hapa kwetu mtumbwi ni bwato, na waumini wengi huifahamu dhoruba, au zoruba kama tutamkavyo, kwa njia ya Injili. Hata hivyo tunaitumia misamiati ya watu waliokesha wakifua maji.

4. Bandari ya Unguja, 1872

Yapo mambo ambayo hesabu ya miongo haikuweza kuyatabiri. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati wa kugeuka kwa msimu, kimbunga kikali kilikipiga kisiwa cha Unguja. Vimbunga huzunguka kwa nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ni dhaifu karibu na ikweta. Unguja iko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jambo hilo ni nadra mno huko. Halikuwa ndani ya desturi ya mabaharia wala ndani ya ukumbusho wao.

Uhatari wa kimbunga kwa chombo kilichotia nanga ni kwamba upepo haubaki upande mmoja. Jicho likipita, hutulia kwa muda, kisha upepo huja kutoka upande ulio kinyume. Palipokuwa kimbilio hugeuka kuwa mtego. Merikebu za Sultani Barghash bin Said zilizokuwa bandarini ziliangamia, na majahazi mengi pamoja nazo. Meli ya moshi Abydos, iliyokuwa imeleta msafara wa Waingereza wa kumtafuta Livingstone, iliokoka. Nchi kavu, sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa, ilhali Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa na ikashika nafasi ya kwanza katika karafuu. Ili kufidia hasara, Barghash baadaye aliagiza merikebu Glasgow, iliyofika mwaka 1878, na ikazamishwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896.

Katika vitabu vya historia, mwaka 1872 hutajwa hasa kwa ajili ya mikarafuu na merikebu hizo. Ni halali kutajwa hivyo. Lakini mashamba yale yalilimwa na watumwa, na miongoni mwa watumwa wa Unguja na Pemba walikuwamo watu waliotoka Maniema na nchi nyingine za ndani, waliovushwa kwa majahazi kutoka mrima. Mapatano ya kuifunga biashara ya watumwa kwa njia ya bahari yalitiwa sahihi tarehe 5 Juni 1873, zaidi kidogo ya mwaka mmoja baada ya kimbunga.

Tujaribu kumfikiria mtu wa Maniema katika mvuko huo, bahari ikichafuka. Baharia alikuwa na kamba mikononi na wimbo kinywani. Nahodha alikuwa na hesabu ya miongo. Abiria alikuwa na dua na, labda, kalamu. Mateka alikuwa chini, asione upepo unatoka wapi, wala asijue ng'ambo ni mbali kiasi gani. Mto na ziwa alivijua; neno la jambo lile hakuwa nalo. Kama alifika salama, alijifunza Kiswahili cha mashamba, si cha chombo. Ndiyo maana ushuhuda wake hatuupati katika msamiati, kama tuupatavyo wa baharia.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba tufani moja haiwi moja kwa wote waliomo chomboni. Kila mtu huipata kwa kadiri ya mahali alipowekwa, na kila mahali huacha, au hushindwa kuacha, alama yake. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, kamusi ni ghala la historia ambalo halijafunguliwa lote: foromali, ngama, mrama na kutosa ni hati za watu wasioandika. Kwa mwanafunzi wa historia, kuna kazi ngumu zaidi, nayo ni kutokukubali kuwa pasipo na hati hapakuwa na mtu. Masimulizi ya wazee wa Maniema kuhusu waliochukuliwa, na majina ya ukoo yaliyobaki pande zote mbili za Ziwa Tanganyika, yangali yanastahili kukusanywa kwa utaratibu. Mfalme wa Sofala alirudi akasema. Wengi hawakurudi, na kuwatafuta ni wajibu wetu sisi tunaoitumia lugha iliyowafikia pamoja na minyororo.