Miezi mitano ya Usumbura: jinsi serikali jirani ilivyojiandaa Kongo ilipotoka kwenye muungano

Uvira – Mtu anayetoka Uvira leo kwenda Bujumbura anajua kazi inayomngoja. Anafika Kavimvira, anaonyesha karatasi, anagongewa muhuri. Anavuka hadi Gatumba, anagongewa mwingine. Kisha anabadilisha faranga zake, maana zile za Kongo haziendi mbali upande wa pili. Safari haifiki kilomita 30, lakini inaweza kumaliza nusu siku.

Wazee waliokuwa vijana kabla ya 1960 walikuta mambo mengine kabisa. Ruzizi ilikuwa mpaka kwenye ramani tangu mapatano ya Brussels ya mwaka 1910 kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Lakini kwa maisha ya kila siku, Uvira na Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa chini ya serikali moja. Faranga ilikuwa moja, jeshi moja, na forodha kati ya pande mbili haikuwepo. Ndagala na mikeke ya Uvira iliuzwa Usumbura kama inavyouzwa leo Mulongwe.

Muungano huo ulikuwa na mwanzo, na ulikuwa na mwisho. Mwisho wake ulitayarishwa kwa haraka, na sehemu ya matatizo ya bonde la Ruzizi mpaka leo inatokana na yale yaliyosahauliwa katika haraka hiyo.

Muungano wenyewe ulikuwa nini

Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani kutoka Ruanda na Urundi mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Baada ya vita, Shirikisho la Mataifa likawapa Wabelgiji nchi hizo mbili kuzisimamia, si kuzimiliki. Kongo ilikuwa koloni. Ruanda-Urundi ilikuwa amana.

Kwa Brussels, kuweka serikali mbili kamili ilikuwa gharama kubwa. Sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ikaunganisha Ruanda-Urundi na Kongo ya Kibelgiji katika utawala. Gavana wa Usumbura akawa makamu wa Gavana Mkuu wa Léopoldville. Jeshi la Force Publique la Kongo ndilo lililolinda pande zote mbili. Baadaye, katika miaka ya 1950, hata benki kuu ilibeba majina yote mawili: Benki Kuu ya Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi.

Lakini sheria hiyo hiyo iliacha mlango wazi. Ilisema Ruanda-Urundi ina nafsi yake kisheria na mali yake yenyewe. Bajeti yake iliandikwa kando. Sheria ya Kongo haikutumika Usumbura mpaka gavana wa huko atoe amri ya kuitumia. Umoja wa Mataifa, uliochukua usimamizi wa amana hiyo mwaka 1946, uliuangalia muungano huu kwa shaka, ukihofu Ruanda-Urundi isije ikamezwa na Kongo. Kwa maneno mengine, ilikuwa ndoa ambayo vyombo vya ndani vilikuwa vimeandikwa jina la kila mmoja tangu siku ya arusi.

Habari kutoka Brussels

Tarehe 20 Januari 1960 mkutano wa Meza ya Duara ulifunguliwa Brussels. Wajumbe wa Kongo walitaka uhuru, na waliutaka upesi. Tarehe 27 Januari jibu likatoka: Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni 1960.

Uvira furaha ilikuwa kubwa. Usumbura, katika ofisi ya gavana Jean-Paul Harroy, hesabu ilikuwa nyingine. Ruanda-Urundi haikuwa imepewa tarehe ya uhuru. Ingebaki chini ya Wabelgiji, huku nchi kubwa iliyoibeba kwa miaka 35 ikiondoka. Ilibaki miezi mitano.

Jambo la kwanza lilikuwa askari. Novemba 1959 machafuko yalikuwa yamelipuka Ruanda, na askari wa Force Publique walipelekwa kutoka Kongo kuyatuliza, chini ya Kanali Guy Logiest. Askari hao walikuwa Wakongomani. Baada ya 30 Juni wangekuwa askari wa nchi ya kigeni. Wabelgiji wakaleta askari wao kutoka Ulaya, na wakaanza kufundisha kikosi cha wenyeji kilichoitwa Garde Territoriale. Kutoka kikosi hicho ndiko yalikotoka majeshi ya kwanza ya Rwanda na Burundi.

Maandalizi hayo hayakukawia kupimwa. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya uhuru, askari wa Force Publique waliasi maofisa wao wa Kibelgiji kule Thysville na Léopoldville. Hofu ilifika Kivu haraka. Wazungu wa Bukavu na wa Uvira wakapakia magari, wengi wakakimbilia Usumbura. Daraja la Ruzizi, ambalo jana lilikuwa njia ya soko, likawa njia ya wakimbizi.

Jambo la pili lilikuwa faranga. Nchi haiwezi kuendelea kutumia noti zinazochapwa na jirani ambaye haina sauti kwake. Katika mwaka huo huo wa 1960 iliundwa Benki ya Kutoa Noti ya Rwanda na Burundi, na faranga mpya ikatoka. Kwa Usumbura huo ulikuwa uamuzi wa busara. Faranga ya Kongo ilishushwa thamani mwaka 1961, ikashushwa tena mwaka 1963, na mwaka 1967 ikaondolewa kabisa: faranga 1000 zikawa zaire moja.

Kwa mchuuzi wa Uvira, mambo yalikuwa kinyume. Alilala akiwa na pesa inayotumika pande zote za ziwa, akaamka akiwa na pesa ya upande mmoja. Biashara ya kuvunja faranga mpakani, inayolisha familia nyingi Kavimvira leo, ilipata nguvu kutokana na mgawanyo huo.

Yaliyokataa kugawanyika

Pesa na askari vinaweza kugawanywa kwa karatasi. Vitu vingine vilikataa.

Cha kwanza ni umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1950 bwawa la Mururu, tunaloliita Ruzizi ya kwanza, lilianza kutoa umeme pale mto unapotoka ziwa Kivu. Nyaya zake zilikwenda Bukavu, na zilishuka bonde mpaka Usumbura. Muungano ulipovunjika, nyaya zilibaki pale pale. Mji mkuu wa nchi moja ukaendelea kuwashwa taa na mtambo wa nchi nyingine.

Cha pili ni njia ya bahari. Bidhaa za Kivu na za Ruanda-Urundi zilipanda meli ziwani Tanganyika, zikashuka Kigoma, zikapanda treni hadi Dar es Salaam. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921, Waingereza walikuwa wamewakodishia Wabelgiji sehemu za bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka. Watu wa bandari waliziita Belbase. Sehemu hizo zilihudumia Kongo na Ruanda-Urundi pamoja, na baada ya 1960 zilibaki na wenye kuzihitaji watatu badala ya mmoja.

Cha tatu, kilicho kizito kuliko vyote, ni watu. Buyenzi na mtaa wa Bwiza, uliokuwa ukiitwa Belge, vilijaa watu wenye asili ya Kongo: makarani, mafundi, wavuvi, wachuuzi. Huku kwetu bondeni na milimani waliishi watu ambao mababu zao walitoka ng'ambo ya Ruzizi, wengine kabla ya ukoloni, wengine wakati wake. Siku muungano ulipokwisha, nani alikuwa raia wa wapi?

Swali hilo halikupata jibu la kudumu katika miezi ile mitano. Sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka kumi kupiga kura, lakini kupiga kura si uraia. Katiba ya 1964 ikaweka kipimo cha mwaka 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta uamuzi huo na kurudisha kipimo nyuma mpaka 1885. Kila sheria ilibadilisha hesabu ya nani ni wa hapa. Damu iliyomwagika Kivu kwa sababu ya swali hilo kila mkaaji wa Uvira anaijua.

Jirani kuwa kambi

Kuna jambo jingine ambalo halikuwa maandalizi bali lilikuwa matumizi mabaya ya mgawanyo. Tarehe 20 Desemba 1960 Umoja wa Mataifa uliitaka Ubelgiji, kwa azimio namba 1579, isiifanye Ruanda-Urundi kuwa kituo cha silaha na majeshi yasiyohitajika kwa usalama wa ndani. Siku chache baadaye askari wa Mobutu walishushwa kwa ndege Usumbura. Walipelekwa mpaka Shangugu, na tarehe 1 Januari 1961 wakaishambulia Bukavu, iliyokuwa mikononi mwa wafuasi wa Lumumba. Walishindwa. Lakini somo lilibaki: jirani uliyekuwa naye nyumba moja jana, leo anaweza kuwa mlango wa adui yako.

Mlango huo ulitumika kwa pande zote. Mwaka 1964 Gaston Soumialot alipanga uasi wake akiwa Bujumbura, na tarehe 15 Mei mwaka huo Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi.

Kutoka tena, kurudi tena

Ruanda na Urundi zilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 zikiwa nchi mbili. Nazo zilikubaliana kubaki na pesa moja na forodha moja. Haikudumu. Mwaka 1964 kila moja ilikuwa na benki yake. Burundi haikusubiri noti mpya: ilichukua noti za zamani za pamoja na kuzigonga muhuri wa jina lake.

Kisha, mwaka 1976, Zaire, Rwanda na Burundi zilikutana Gisenyi na kuunda CEPGL, Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu. Walichoanza kugawana ndicho kile kilichokataa kugawanyika: umeme. Bwawa la Ruzizi ya pili lilijengwa kwa jina la nchi zote tatu. Na karatasi ya CEPGL ikawarudishia wachuuzi sehemu ndogo ya uhuru wa kuvuka waliokuwa nao wazazi wao. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Burundi na Rwanda zilikuwemo tayari.

Hivyo watu wa Uvira wameona muungano ukivunjika na wameona miungano mingine ikijengwa. Serikali ya Usumbura mwaka 1960 haikuwa ya kijinga. Ilihesabu askari wake, ikachapa noti zake, na nyumba yake haikuanguka siku jirani alipoondoka. Ila ilihesabu vitu vya serikali. Mama aliyekuwa na ndoo ya ndagala Kavimvira, karani Mkongomani wa Buyenzi, mfugaji wa bondeni ambaye babu yake alivuka mto: hao hawakuwa katika hesabu, si Usumbura wala Léopoldville.

Wakati wa korona, mwaka 2020, mpaka wa Gatumba ulipofungwa, ndoo zile zile ndizo zilizosimama kwanza. Wanaozungumza leo juu ya kufungua mipaka au kuifunga wangeanza na hesabu hiyo.