Neno kwa Neno: Bima hukatwa, fidia hulipwa

"Paa limeng'olewa na upepo, lakini si neno, nitalipwa bima." Ni jamaa yangu aliyeko Marekani, kwenye nyumba iliyoundwa kiwandani ikaburutwa kwa lori hadi kiwanjani. Pole ndugu yangu, ila bima hulipwi; bima unakata. Unacholipwa ni fidia.

Bima tumelipata kutoka Bara Hindi, nako lilifika kutoka kwa Waajemi, ambao kwao bim ni hofu. Unalipia hofu yako mapema. Fidia ni la Kiarabu, la kukomboa: mateka alitolewa fidia, na mgonjwa asiyeweza kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kulisha maskini. Wala usilichanganye na dhamana. Hiyo ni ahadi ya kusimama badala ya mtu.

Sasa neno badala ndilo la kuulizia kabla hujatia saini. Fidia ya thamani iliyobaki hukata uchakavu: paa la miaka 15 utalipwa kama paa kuukuu, nawe ujazie. Fidia ya badala hukupa bei ya paa jipya. Kwa nyumba za kiwandani tofauti hiyo huuma, kwa sababu nyingi hushuka thamani upesi, ilhali mpya ina bei yake, na bado kuna kuisafirisha, kuisimamisha na kuifunga ardhini. Kwa hiyo usiulize tu, "Nina bima?" Uliza, "Fidia yake ni ya badala, au ya thamani iliyobaki?"