Kokoto, Karanga na Barabara: Mchango wa Wanawake Waongozaji katika Filamu za Afrika

Sanaa ya filamu ilikuwa bado changa katika miaka ya 1890 pale Mfaransa Alice Guy alipoanza kuongoza filamu, lakini barani Afrika njia ya mwanamke kuwa mwongozaji, yaani mtu anayeamua kamera ielekezwe wapi na kila tukio litazamwe kwa muda gani, ilizibwa kwa muda mrefu na ukoloni. Katika makoloni ya Ufaransa, amri ya mwaka 1934 iliyoitwa kwa jina la waziri Laval ilimtaka kila aliyekusudia kupiga filamu aombe kwanza kibali cha watawala, hivyo Mwafrika akabaki kutazamwa na kamera bila kuishika. Wanawake walioishika baadaye waliipa shughuli ya kila siku ya mwanamke, iwe ni kutembea, kulima au kungoja, uzito ambao kabla ya hapo ulitengewa vita na mashujaa.

Sarah Maldoror, aliyezaliwa Ufaransa kwa baba wa Guadeloupe, alitoa mfano wa mapema katika Sambizanga ya mwaka 1972, filamu aliyoipiga Kongo-Brazzaville kwa sababu Angola, ambako kisa kinatokea, ilikuwa ingali mikononi mwa Wareno. Kisa chake kinatokana na riwaya fupi ya José Luandino Vieira kuhusu Domingos Xavier, mfanyakazi anayekamatwa kwa siri zake za kupigania uhuru. Mateso ya gerezani yanaonyeshwa, lakini Maldoror anarudi tena na tena barabarani, ambako Maria, mke wa Domingos, anatembea na mtoto mgongoni akiuliza habari za mumewe kituo hadi kituo, na kwa mwendo huo mtazamaji anamwona mwanamke huyo akianza kuelewa siasa ambazo hakuwa ameambiwa.

Miaka mitatu baadaye, Safi Faye wa Senegal, aliyekuwa mwalimu kabla ya kusomea etnolojia, yaani elimu ya tamaduni za watu, alitoa Kaddu Beykat, jina la Kiwolofu lenye maana ya "Sauti ya Mkulima". Filamu imejengwa kama barua inayosomwa na Faye mwenyewe, na wanakijiji wanaigiza maisha yao wenyewe: Ngor anataka kumwoa Coumba, lakini ukame na utegemezi wa karanga, zao la biashara lililorithiwa kutoka enzi za ukoloni, vimemwacha bila mahari, naye analazimika kwenda Dakar kutafuta kibarua. Hivyo uchumi wa taifa zima unaelezwa kupitia ndoa moja iliyokwama.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake. Katika These Hands, yaani "Mikono Hii", filamu ya hali halisi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling aliwaendea wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda mawe kwa nyundo nje ya Dar es Salaam ili kupata kokoto za ujenzi. Hakuweka msimulizi wa kuwasemea. Nyundo inapanda na kushuka, jiwe linapasuka, na muda mrefu wa picha hizo unamfanya mtazamaji aipime kazi hiyo kwa macho na masikio yake. Nchini Kenya, Anne Mungai alitoa Saikati mwaka 1992, kuhusu msichana wa Kimaasai anayetamani masomo huku akishinikizwa aolewe, na mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ikaonyeshwa katika tamasha la Cannes.

Hata hivyo, filamu huishi kwa kutazamwa, na mkanda uliochakaa humfuta aliyeuongoza. Sambizanga ilikarabatiwa mwaka 2021, na kizazi kipya kikaanza kumfuata Maria katika safari yake. Kazi za waongozaji wa Afrika Mashariki zinastahili hifadhi kama hiyo, ili wale waliozipa hadhi kazi zisizoonekana wasije nao wakawa wasioonekana.